Unapandisha TV juu ili mtoto asiifikie? Soma hapa kwanza

Mama mmoja wa Mafinga ameniandikia ujumbe mrefu. Anaishi na familia yake katika nyumba ya zamani yenye meko ya kuotea moto sebuleni, zile nyumba zilizojengwa enzi za walowezi wa mashamba ya chai. Mwanawe ametimiza miaka miwili na miezi kadhaa. Hivi karibuni alivuta waya wa king'amuzi mpaka runinga ikayumba juu ya kabati, na bahati nzuri baba yake alikuwa karibu akaidaka. Sasa wamenunua TV bapa ya inchi 55 na fundi amewashauri waifunge ukutani, juu ya meko, kwa sababu huko mtoto hafiki. Mama anauliza mambo mawili. Je, hapo ni salama kwa mtoto? Na je, mama mkwe wake, ambaye ana matatizo ya pingili za shingo, ataweza kutazama taarifa ya habari bila kuumia?

Najua wasomaji wengi hawana meko sebuleni. Dar es Salaam nani aote moto? Lakini swali hili linawagusa hata wa Tandika na Tanga, kwa sababu tabia ya kupandisha TV juu ipo kila mahali. Utaiona juu ya mlango, karibu na dari, kwenye saluni, kwenye migahawa, hata kwenye kumbi za wagonjwa wa nje ambako watu wenye maumivu ya shingo wamekaa kwenye mabenchi wakiwa wameinua vichwa kama wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Sababu inayotolewa nyumbani ni ileile: watoto wasiifikie.

Nijibu moja kwa moja. Kinachomlinda mtoto ni TV kufungwa imara, urefu peke yake haumlindi. TV iliyofungwa vizuri kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa ni salama kwa mtoto na kwa shingo ya bibi. Iliyopandishwa juu ya meko inaweza kuwaumiza wote wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Runinga inavyomwangukia mtoto

Wazazi wengi hawaiweki TV kwenye orodha ya vitu vya hatari nyumbani. Tunaficha mafuta ya taa, tunafunika ndoo za maji, tunasogeza jiko la mkaa. TV tunaiacha juu ya kabati lenye droo, na juu yake au pembeni tunaweka rimoti, simu inayochajiwa na pipi za kumnyamazisha mtoto.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la madaktari wa watoto la Pediatrics ulipitia takwimu za miaka 22, kuanzia 1990 hadi 2011. Ulikadiria kuwa kila mwaka watoto zaidi ya 17,000 walifikishwa katika idara za dharura za nchi hiyo kwa majeraha yaliyosababishwa na televisheni. Karibu theluthi mbili walikuwa chini ya miaka mitano, na umri wa kati ulikuwa miaka mitatu. Zaidi ya nusu waliangukiwa. Wengine wengi walijigonga wenyewe kwenye TV wakati wakikimbia au kucheza. Jeraha lililoongoza lilikuwa la kichwa na shingo.

Umri huo wa miaka mitatu una maelezo yake. Mtoto wa umri huo ana kilo kama 14, anaweza kupanda, ana nguvu za kuvuta, lakini hajui kwamba kitu kinachoyumba kitaanguka. Akitaka rimoti iliyo juu ya kabati, anavuta droo ya chini na kuikanyaga, kisha ya pili, kama ngazi. Droo zikiwa wazi na yeye akiwa amesimama juu yake, uzito wote wa kabati unahamia mbele. Kabati linainama, TV inateleza, na mtoto yuko chini ya vyote viwili. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, fuvu bado ni jembamba, na mara nyingi anakuwa ameinua uso akitazama juu, kwa hiyo kitu cha kwanza kupigwa ni paji la uso au utosi.

Zile TV za chogo ambazo bado zipo katika nyumba nyingi ni hatari zaidi kwa uzito. Ya inchi 29 inaweza kufika kilo 40 au kupita, na sehemu kubwa ya uzito iko mbele, kwenye kioo. Ikiinama kidogo tu haisimami tena. TV bapa ni nyepesi, ya inchi 55 mara nyingi haizidi kilo 20, lakini ni pana, ndefu na imesimama juu ya vijiguu viwili vyembamba. Haihitaji nguvu kubwa kuangushwa. Mkono wa mtoto aliyejishikilia kwenye ukingo wa kioo ili asimame unatosha.

Kwa hiyo familia ya Mafinga wameona hatari halisi na wana haki ya kuogopa. Tatizo liko kwenye dawa waliyoandikiwa na fundi.

Juu ya meko mtoto anapandaje?

Anapanda. Mbele ya meko nyingi kuna jiwe au sakafu iliyoinuliwa. Pembeni kuna rundo la kuni. Juu kuna rafu ambayo familia huweka picha, saa na, bila shaka, rimoti. Sofa haiko mbali. Kwa mtoto wa miaka miwili hizo ni ngazi tatu zilizopangwa vizuri, na mwisho wa ngazi kuna katuni.

Wataalamu wa usalama wa watoto wana ushauri mmoja wa jikoni unaofaa hapa: usiweke juu ya jiko kitu ambacho mtoto anakitamani. Biskuti zikiwa kwenye rafu iliyo juu ya jiko, mtoto atapita motoni kuzifuata. TV ni biskuti kubwa yenye mwanga na sauti. Ukiiweka juu ya moto, umemwambia mtoto mahali pazuri pa kusimama ni mbele ya moto. Ushauri wa kawaida ni watoto wakae angalau mita moja kutoka kwenye meko inayowaka, na kuwe na kizuizi cha chuma kilichofungwa ukutani, kisichoweza kusukumwa. Ni vigumu sana kulinda mita hiyo moja wakati kila anachokipenda kiko upande wa pili wake.

Na majeraha ya moto, yeyote aliyewahi kulala wodini na mtoto aliyeungua anayajua. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na kovu kwenye kiganja kinachokua huweza kukunja vidole. Ikitokea, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo na vitu vya mkononi kama havijagandia kwenye ngozi, funika kwa kitambaa kisafi, nenda kituo cha afya. Dawa ya meno, asali, yai, unga na majivu viache jikoni. Barafu pia usiweke.

Shingo ya bibi

Sasa tuhamie kwa mgonjwa wa pili. Hapa naomba uchukue futi kamba, kwa sababu namba zinasema vizuri kuliko mimi.

Mtu mzima akikaa kwenye sofa, macho yake yapo kama sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Rafu ya meko mara nyingi iko kwenye sentimita 130 hivi. Acha sentimita 15 za nafasi juu yake, kisha weka TV ya inchi 55 ambayo kimo chake ni kama sentimita 70. Katikati ya kioo itakuwa kwenye sentimita 180, yaani urefu wa mwanaume mrefu aliyesimama. Tofauti kati ya macho ya bibi na katikati ya picha ni sentimita 75. Akikaa umbali wa mita mbili na nusu, anatazama juu kwa pembe ya nyuzi 17 hivi, na akitaka kuona sehemu ya juu ya kioo, zaidi ya hapo. Kwenye sebule ndogo, sofa likiwa mita mbili, pembe inapita nyuzi 20.

Mtoto aliyekaa kwenye mkeka mita moja na nusu kutoka ukutani, macho yake yakiwa chini ya nusu mita kutoka sakafuni, anatazama juu kwa nyuzi 40 hivi. Ndiyo maana utamkuta amelala chali, au amerudi nyuma mpaka amegota ukutani.

Macho na shingo zetu hupumzika tunapotazama mbele au chini kidogo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu hadi tano. Kikikaa sawasawa juu ya uti wa mgongo, misuli ya nyuma ya shingo hufanya kazi ndogo. Kikiinuliwa na kulazwa nyuma, vifundo vidogo vilivyo nyuma ya pingili hubanana, na matundu ambayo mishipa ya fahamu hupitia kuelekea mabegani na mikononi hupungua upana. Kijana mwenye shingo nzima ataona uchovu tu, atajinyoosha, basi. Mtu wa miaka 60 au 70 ambaye pingili zake zimeshalika na kuota vijipembe vya mfupa hana nafasi ya ziada ya kupunguza. Saa mbili za tamthilia zinaweza kumletea maumivu yanayoshuka begani, ganzi au hisia za sindano vidoleni, au maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni.

Kuna wengine ambao wakiinua kichwa nyuma hupata kizunguzungu cha ghafla, chumba kinazunguka. Mara nyingi chanzo ni chembe ndogo za chokaa zilizotoka mahali pake ndani ya sikio. Huyu akiinuka kutoka kwenye sofa huku anayumba, anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika uzeeni ni jambo zito.

Macho nayo yamo. Unapotazama juu, kope hufunguka zaidi na sehemu kubwa ya jicho hubaki wazi kwa hewa. Machozi hukauka haraka. Kwa mtu mwenye macho makavu, na hasa kukiwa na moto unaokausha hewa ya chumba, macho yatawasha na kuwa mekundu hata kama kioo cha TV hakina kosa lolote.

Kama bibi ana maumivu yanayoshuka mkononi, mkono umelegea au anadondosha vitu, miguu imekuwa mizito anapotembea, au ameanza kushindwa kuzuia mkojo, hilo si suala la kushusha TV. Apelekwe hospitali aonwe na daktari mapema.

Moto, moshi na tundu la fundi

Juu ya meko inayowaka kuna joto. TV nyingi zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Washa moto wako wa kawaida, bandika kipimajoto ukutani pale unapotaka kufunga TV, uache saa moja. Kikisoma zaidi ya hapo, TV hiyo itaishi muda mfupi, na joto la miezi mingi huweza kukausha na kuharibu nyaya zinazopita nyuma yake.

Kinachonihusu zaidi kama daktari ni dohani. Fundi anapotoboa ukuta ulio juu ya meko, anatoboa ukuta ambao nyuma yake moshi unapita. Katika nyumba za zamani matofali yameshachoka. Tundu likipita mpaka ndani, au tofali likipasuka, moshi unapata njia ya kurudi sebuleni, pamoja na hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Hewa hii hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake watu huzidhani ni malaria au uchovu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, usingizi mzito. Dokezo kubwa ni pale watu kadhaa wa nyumba moja wanapoumwa kichwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje. Toeni watu wote nje kwanza, kisha nendeni hospitali, hata kama kichwa kimeacha kuuma.

Wapo pia wanaoziba dohani kabisa ili TV isipate masizi, halafu baridi ya Juni na Julai ikibana wanaingiza jiko la mkaa sebuleni. Njombe, Makete, Lushoto, Mufindi, kote huko watu wanajua baridi ni nini na siwalaumu kwa kutafuta joto. Lakini jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua familia nzima usingizini. Kama dohani imezibwa, mkaa usiingie.

Basi iwekwe wapi?

Tafuteni ukuta mwingine, usio na moto. Funga TV katikati ya kioo ikiwa sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kwa inchi 55, ukingo wa chini utakuwa kama sentimita 70. Ndiyo, mtoto atauгusa. Atapaka uji kwenye kioo. Lakini akivuta, hakuna kinachoanguka, na hilo ndilo tunalolitafuta. Breketi iwe ile inayolaza TV ukutani, isiwe ya mkono unaovutwa mbele, kwani mkono ule huacha pembe za kioo zikiwa wazi kwa kichwa cha mtoto anayekimbia, na huongeza nguvu inayong'oa skrubu.

Ukuta ndio wa kuulizia kabla ya breketi. Bloku la saruji lililojaa au zege hushika vizuri, fundi akitoboa kwa drili na kuingiza vile vidude vya plastiki vinavyotanuka skrubu ikiingia. Vidude hivyo viwe vya ukubwa unaolingana na tundu. Ukiona fundi anajazia kijiti cha kiberiti, msimamishe. Bloku lenye matundu ndani huhitaji vishikio maalumu. Jipsamu peke yake haibebi TV kubwa, lazima skrubu zifike kwenye mbao au chuma kilicho nyuma yake. Ukuta wa udongo au wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo usiuamini kabisa. Breketi yenyewe imeandikwa uzito inaobeba na inchi za TV. Soma mwenyewe, kisha ulinganishe na uzito ulioandikwa nyuma ya TV au kwenye boksi. Kabla TV haijapandishwa, mwambie fundi avute breketi kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Ikitikisika sasa, itatoka baadaye.

Nyumba ya kupanga ina shida yake, kwa sababu kuna wenye nyumba ambao hawataki tundu hata moja. Ongea naye, mwambie ni kwa ajili ya mtoto, wengi huelewa. Akikataa kabisa, weka TV kwenye meza pana na fupi isiyo na droo, isukume mpaka igote ukutani, kisha uifunge kwa mkanda imara kutoka kwenye matundu ya skrubu yaliyo mgongoni mwake mpaka kwenye meza yenyewe, kwa nyuma. Kama meza ni nzito na fupi, hiyo inatosha kumshinda mtoto wa miaka mitatu. TV ya chogo yenye watoto wadogo ndani ya nyumba, weka chini kabisa, karibu na sakafu, na kama haitumiki tena itoe. Usiihamishie chumba cha watoto juu ya kabati la nguo. Huko ndiko nyingi huishia baada ya kununuliwa mpya, na huko hakuna mtu mzima anayeangalia.

Makabati yenye droo nayo yafungwe ukutani, yawe na TV au yasiwe nayo. Nyaya zipitishwe nyuma, fupi, zisining'inie. Rimoti na pipi zisikae juu. Na kuhusu muda ambao mtoto anakaa mbele ya kioo, Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili bora asitazame kabisa, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sitaligombania hapa, najua mchana wa mama mwenye kazi za nyumbani ulivyo mrefu.

Kama imeshamwangukia

Inua TV, mtoto umwache alipo kwa sekunde chache. Usimnyakue na kumtikisa. Mwite jina. Kama hajibu, hapumui vizuri, au analalamika shingo, asinyanyuliwe ovyo: watu wawili, mmoja akishika kichwa na mabega pamoja ili shingo isipinde, mlazeni kwenye kitu kigumu kilichonyooka. Jeraha linalotoka damu libane kwa kitambaa kisafi, ila ukihisi fuvu limebonyea usikandamize pale, funika tu. Tafuta gari au bajaji ambamo mtoto anaweza kulala. Bodaboda, mtoto akiwa amekaa katikati na kichwa kinacheza, ni ya mwisho kabisa.

Mpeleke hospitali bila kusubiri kama alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, ametapika zaidi ya mara moja, amepata degedege, anasinzia isivyo kawaida au analia bila kutulia, mboni za macho hazilingani, maji maji au damu inatoka puani au masikioni, kuna uvimbe laini mkubwa kichwani, au michubuko imejitokeza nyuma ya sikio au kuzunguka macho. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyegongwa kichwani na TV aende tu, hata kama anacheka. Angalia tumbo pia. TV huweza kuangukia tumbo na kuumiza ini au bandama bila alama kubwa nje. Mtoto aliyepauka, anayejikunja, tumbo limekuwa gumu au mkojo una damu, ni dharura.

Kinachowapotosha wazazi ni mtoto aliyelia, akanyamaza, akaanza kucheza. Damu inaweza kuwa inavuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, na saa chache baadaye ndipo anaanza kusinzia na kutapika. Wengine hufika hospitali usiku wa manane wakisema mchana alikuwa mzima kabisa, na walikuwa wakweli. Mwangalieni kwa karibu kwa saa 24, na muendelee kuwa macho hadi saa 48.

Watu huuliza kama alale. Kama ameshaonwa na mtaalamu na ni muda wake wa kulala, anaweza kulala, usingizi wenyewe haumdhuru. Usiku wa kwanza mwamshe mara mbili au tatu, uone kama anafumbua macho, anakutambua na anasogeza mikono na miguu yote. Asiyeamka kama ilivyo kawaida yake, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Aspirini asipewe, na ibuprofen iache mpaka daktari aseme, kwa sababu dawa hizo huweza kuongeza uvujaji wa damu.

Ukifika, usishangae kama daktari ataamua kumweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa badala ya kumpiga picha ya CT hapohapo. Kipimo kile kina mionzi na si kila aliyegongwa anakihitaji. Kwa upande mwingine, usitulie kwa sababu tu picha ya kawaida ya eksirei imeonyesha fuvu halijavunjika, kwa kuwa eksirei haionyeshi damu iliyo ndani. Mweleze daktari saa ilipotokea, TV ilikuwa na uzito na kimo gani, ilimpiga wapi, alilia papo hapo au alikaa kimya kwanza, na ametapika mara ngapi. Mwenye majibu hayo ni yule aliyekuwa na mtoto sebuleni, kwa hiyo ndiye aende naye hospitali.